Kompyuta Inayotii Ishara ya Mkono

Askari wa usalama barabarani huinua mkono, na magari husimama bila neno kusemwa. Siku hizi kompyuta nayo yaweza kutii ishara kama hiyo, na faida yake imeonekana katika chumba cha upasuaji.

Mpasuaji aliyekwisha kunawa kwa dawa na kuvaa glavu haruhusiwi kugusa kitu chochote kisichotakaswa. Hata hivyo, kazi ikiwa katikati, hulazimika kutazama picha za mwili wa mgonjwa zilizomo katika kompyuta. Akizigusa mashine kwa mkono wake, hana budi kunawa upya, hali mgonjwa amelala mezani. Akimwagiza msaidizi, "mbele kidogo, rudi nyuma" hupoteza wakati.

Dawa ya tatizo hilo ilitoka katika michezo ya nyumbani. Mwezi Novemba 2010, kampuni ya Microsoft ya Marekani ilianza kuuza Kinect, kamera ya kuchezea michezo ya kwenye televisheni. Katika siku 60 za mwanzo ziliuzwa milioni 8.

Kifaa hicho kilitawanya nukta nyingi za mwanga usioonekana kwa macho. Nukta zilipomwangukia mtu, mpangilio wake ulibadilika kufuatana na umbali. Kamera iliyasoma mabadiliko hayo mara 30 kwa sekunde, na programu iliyofundishwa kwa mifano mingi ya miili ikatambua kichwa, bega, kiwiko na kiganja.

Mwaka 2011 wapasuaji wa hospitali ya Sunnybrook, mjini Toronto, Kanada, walianza kugeuza picha kwa kupunga mkono hewani tu. Mwaka 2012 njia hiyo ilijaribiwa London, katika hospitali ya St Thomas', kwa upasuaji wa mishipa ya damu.

Lakini mkono ulioinuliwa kwa muda mrefu huchoka. Tena, mashine yaweza kumdhania mtu anayezungumza na mwenzake kuwa anaiamuru. Kwa hiyo yafaa ishara ziwe chache, na kila moja iwe na maana yake, kama zilivyo za askari barabarani.

Microsoft iliacha kuitengeneza Kinect mwaka 2017. Mwaka huo huo simu ya iPhone X ilitoka ikimtambua mwenyewe kwa nukta kama zile zikitua usoni pake. Mchezo umekwisha, lakini elimu yake imebaki.