Usinunue Turbo kwa Rangi

Je, msomaji, waazimia kununua gari kuukuu la familia lenye turbo, mathalani Subaru Forester? Ukilipata Bofu, Likoni, usihadaike na rangi inayong'aa.

Turbo huzungushwa na moshi wa injini, na hulainishwa kwa oili ile ile ya injini. Oili chafu huiua.

Basi fika asubuhi, injini ikiwa baridi. Chomoa kijiti cha oili: ikiwa nyeusi na nzito kama lami, jihadhari. Liwashe, moshi wa samawati ni dalili ya oili kuungua. Kisha liendeshe barabara ya Ukunda. Likikosa nguvu ukikanyaga mafuta, au turbo ikilia kama king'ora, liache.

Dai rekodi za kubadilisha oili, na umlete fundi wako mwenyewe, si wa muuzaji. Karo ya watoto isije ikaishia gereji. Rahisi huvunja upishi.