Kuichora Delta Bila Kuchora Mkoko

Mgeni akitandikiwa mkeka wa Rufiji haulizi umechorwa nini. Anaukalia, anaupapasa kwa kiganja, na kama ni mtu wa kusema atasema zambarau ile imetulia au kijani kile kimezidi. Mpeleke mtu huyohuyo Dar es Salaam, msimamishe mbele ya turubai lenye mabaka ya rangi ya chungwa na buluu yasiyofanana na kitu chochote, na swali lake la kwanza litakuwa, "Sasa hii ni nini?" Macho ni yaleyale. Turubai limetundikwa ukutani kama picha, naye amezoea kwamba picha lazima iwe picha ya kitu.

Uchoraji dhahania, yaani ule unaoacha umbo la kitu na kubaki na rangi, mistari na mpangilio, wengi wanauona ni mambo ya Ulaya au ya wasomi. Mimi naona mtu wa Kibiti anayetaka kujifunza ana pa kuanzia pazuri kuliko wanafunzi wengi wa mjini. Amekulia kwenye nyumba ambazo kazi hiyo ya rangi na mpangilio inafanyika barazani, mikeka inaposukwa, na nje ya nyumba hizo kuna delta ya Rufiji.

Tuanze na baraza. Majani machanga ya mkindu hukatwa, huanikwa juani mpaka yawe meupe, kisha huchanwa kuwa nyuzi nyembamba. Nyingine huachwa na weupe wake, nyingine huchemshwa kwenye sufuria pamoja na rangi ya unga inayonunuliwa dukani. Msusi husuka ukili, utepe mrefu wenye upana wa vidole vichache, na tepe hizo hushonwa ubavu kwa ubavu mpaka mkeka utimie. Maamuzi makubwa ya rangi yanafanyika palepale kwenye ukili. Uzi mwekundu ukipishana na mweupe, ukiushika mkononi unaona rangi mbili. Ukiutandika na kurudi hatua kumi, unaona waridi. Nyekundu na kijani zikipishana uzi kwa uzi, kwa mbali zinauana, zinabaki kahawia isiyo na uhai. Zikitengwa kwa mstari wa weupe, kila moja inapata nguvu zake. Binti anayejifunza haanzi na haya yote. Anaanza na ukili mweupe mtupu mpaka mkono uzoee, ndipo anaongezewa rangi moja, halafu nyingine.

Jambo hilohilo la rangi na jirani yake lilimsumbua mkemia wa Kifaransa, Michel-Eugène Chevreul. Mwaka 1824 alipewa usimamizi wa utiaji rangi katika karakana ya Gobelins jijini Paris, mahali paliposukwa mazulia ya kutundika ukutani. Alikuta malalamiko kwamba nyuzi nyeusi za karakana hazikolei, hasa zikisukwa karibu na buluu na zambarau. Akazilinganisha na nyuzi nyeusi za karakana nyingine, akakuta rangi ni nzima kabisa. Ubaya ulikuwa kwa jirani: buluu iliyo kando ilikuwa inaipaka nyeusi hiyo machoni pa mtazamaji. Mwaka 1839 akachapisha kitabu kikubwa juu ya kanuni hiyo, na wachoraji wa Ufaransa wakakisoma kuliko wakemia. Kwa kifupi ni hivi: rangi mbili zikikaa pamoja, kila moja huisukuma mwenzake mbali nayo.

Huhitaji kwenda Paris kulihakikisha hilo. Kata vipande viwili vya karatasi moja ya kijivu. Kimoja kiweke juu ya khanga nyekundu, kingine juu ya khanga ya kijani, uvitazame kwa utulivu. Kile cha kwenye nyekundu kitaanza kuelekea ukijani, na kile cha kwenye kijani kitaingiwa na uwaridi. Anayejifunza kuchora na hajafanya jaribio hili atanunua rangi nyingi bure, maana kila rangi isipokaa sawa atadhani dawa yake ni kopo jipya.

Sasa tuteremke deltani. Mikoko ya Rufiji imefunika zaidi ya hekta 50,000, na hakuna msitu wa mikoko mkubwa kuliko huo Afrika Mashariki. Ukiiacha barabara ya Kilwa na kushuka Nyamisati, panapopandiwa boti za Mafia, jicho ambalo halijazoea linaona kitu kimoja tu: kijani. Picha nyingi zinazochorwa kwa ajili ya watalii zinaishia hapo. Ukuta wa kijani, jahazi, na jua linalozama baharini. (Kwa pwani inayotazama mashariki, sijui jua hilo linazama bahari gani.)

Inama. Maji yakiwa yamekupwa, chukua kijiti ukate tope la ukingo wa mkondo kwenda chini. Juu ni kahawia yenye unjano. Kina cha kidole tu chini yake, ni nyeusi inayokaribia buluu. Chuma ni kilekile katika hali mbili: juu kinapata hewa na kushika kutu, chini hewa haifiki, nacho kimeshikana na salfa, na ndipo harufu ya yai bovu inapotokea. Halafu tazama matundu ya kaa mahali ulipokata. Kila tundu limezungukwa na ukingo wa rangi ya kutu, kwa sababu kaa akichimba anapeleka hewa chini. Mbele ya magoti yako kuna uwanja mweusi wenye mishipa ya rangi ya chungwa, na huo ni mchoro mzima usiohitaji jahazi.

Kando ya kijiti chako kuna jani la mkoko. Majani yaliyozeeka ya mti huu hugeuka njano kabla ya kuanguka. Likiwa juu ya tope jeusi linawaka mpaka unaliona kutoka mbali. Liokote uliweke kwenye mchanga mkavu, linakuwa jani tu. Chevreul angefurahi. Ng'ambo ya mkondo kuna michu, miti mingine ya msitu huuhuu, ambayo jani lake ni kijani juu na kijivu chenye kung'aa chini, na ukililamba utaonja chumvi ambayo mti umeitoa. Upepo wa kusi ukipiga, majani yanageuka tumbo na mti mzima unahama kutoka kijani kwenda fedha, kisha unarudi. Mililana, inayosimama karibu zaidi na bahari wazi, huchomoza mizizi wima kutoka topeni, maelfu yake. Mikoko yenyewe hupinda mizizi kama matao. Wima na tao. Mchoraji ameshapewa midundo miwili tofauti kabla hajafungua kopo.

Kuna rangi moja ambayo delta inaionyesha na haikupi. Mdiria akipita juu ya mkondo unaona buluu kali, lakini unyoya wake hauna rangi ya buluu ndani yake. Una vijumba vidogo mno visivyoonekana kwa macho, vinavyouvunja mwanga na kuturudishia buluu peke yake. Ukiusaga unyoya huo unaipoteza. Kahawia, nyekundu ya kutu na nyeusi unaweza kuzitafuta kwenye udongo. Gome la mkandaa na la mkoko limetumika miaka mingi pwani kwa kutia rangi nyavu na kulainisha ngozi, na enzi za Wajerumani lilisafirishwa kutoka delta hii kwenda ng'ambo. Buluu utainunua dukani. Na usimbandue mti gome kwa ajili ya sanaa: mti uliovuliwa gome kuzunguka shina hufa, na mikoko ni hifadhi ya serikali, haikatwi bila kibali.

Mtu ataniuliza: haya yote nimeyaona, sasa nitayafikishaje kwenye turubai bila kuchora kaa wala jani? Hapa tazama waliotangulia. Piet Mondrian wa Uholanzi, anayejulikana kwa miraba yake ya nyekundu, njano na buluu, hakuzuka na miraba. Alichora miti. Kuna mti wake mwekundu wa miaka ya 1908 hadi 1910, ambao bado ni mti kwa kila mtu. Mwaka 1911 akachora mti wa kijivu, na humo nafasi kati ya matawi zimekuwa na uzito sawa na matawi. Mwaka 1912 akachora mtofaa unaochanua, na pale umebaki mtandao wa matao tu. Asiyeambiwa jina la picha hataujua mti. Hatua tatu, kitu kilekile, na kila hatua kuna alichokiacha kwa makusudi.

Aliye karibu nasi zaidi ni Ibrahim El-Salahi, mzaliwa wa Omdurman, Sudan, mwaka 1930. Yeye aliushika mti wa harazi unaoota kandokando ya mto Nile, ambao hupukutisha majani wakati wa mvua na kuchipua wakati wa kiangazi, kinyume cha miti mingine. Ameurudia mti huo katika kazi nyingi, na katika baadhi yake umekuwa mistari ya wima na ya mlalo yenye rangi zilizokolea, hakuna tawi wala jani. Nawapenda wote wawili, lakini nikilazimishwa kuchagua mwalimu wa mtu wa Rufiji nitamchagua El-Salahi. Mtu wa mto anaelewa ukaidi wa mti unaokwenda kinyume na maji.

Kuhusu namna ya kujifunza, Tanzania ina shule yake ambayo haikuwa na darasa. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi ya mafuta ya madukani juu ya hadibodi, na alipofariki mwaka 1972 alikuwa ameshawafundisha ndugu na jamaa waliokaa naye. Ni uanagenzi uleule wa msusi na binti: unakaa, unajaza sehemu ulizopewa, mkono unakomaa. Uliwapatia watu wengi riziki na ustadi wa brashi ambao wahitimu wengine hawana. Lakini kila mwanagenzi alipojifunza chui, soko likamtaka chui, akabaki na chui. Elimo Njau, mchoraji kutoka Marangu aliyeshiriki kuanzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa jijini Nairobi mwaka 1965, amepiga vita kunakili kwa maisha yake yote. Mimi sifiki huko. Kunakili mpangilio kunafundisha. Kunakili mnyama hakufundishi chochote baada ya wiki ya kwanza. Chukua picha ya Tingatinga, mwondoe chui, unakili mandhari ya nyuma peke yake: ile njano inayoyeyuka kuwa chungwa hadi nyekundu. Wengi wanaipita. Hapo ndipo palipo na somo.

Vifaa visikutishe. Kitambaa cha marikani kilichovutwa juu ya fremu ya mbao, kikapakwa rangi nyeupe ya maji iliyozimuliwa, ni turubai tosha. Kwa rangi, nunua nyekundu, njano, buluu na nyeupe. Nyeusi iache kwanza. Wanaoanza huitumia kutia kivuli, na kila kitu kinakuwa masizi. Kata dirisha dogo kwenye kipande cha boksi, ukubwa wa kiberiti, ulisogeze mbele ya jicho mpaka ndani yake usione kitu chenye jina, bali uzito tu: giza huku, mwanga kule, mstari mmoja unaokatiza. Kichore hicho. Kabla ya kutia rangi, finya macho, au piga picha kwa simu uiondoe rangi. Kama picha imekuwa kijivu kimoja kitupu, mchoro wako utakuwa hivyohivyo hata ukimwaga makopo yote.

Tatizo litakalokusumbua kuliko yote ni uchafu. Njano na buluu zinakupa kijani. Ukiongeza nyekundu, unapata rangi ya maji ya masika. Sababu ni kwamba kila rangi hula sehemu ya mwanga na kuachia nyingine. Ukichanganya zote tatu, mwanga umeliwa karibu wote, na kinachobaki ni kahawia iliyokufa. Rangi hiyo si mbaya, Rufiji nzima ina rangi hiyo mwezi Aprili, ila itumie ukiitaka. Usipoitaka, changanya mbili tu, osha brashi, na ile ya tatu iweke kando yake bila kuigusa, macho yafanye kazi iliyobaki.

Na usiihukumu rangi ya maji ikiwa mbichi. Ikikauka hubadilika, mara nyingi inakuwa nzito zaidi, kwa hiyo paka kipande cha pembeni usubiri. Wakati wa masika unyevu wa huku unaichelewesha sana. Anza maturubai mawili kwa pamoja, moja likikauka uwe kwenye la pili.