Uwanja wa Lami Nao Hutunzwa

Ukitoka Tanga mjini, ukaipita hospitali ya Bombo na kuendelea na njia ya pwani, utafika Raskazone. Raskazone ni rasi, yaani nchi kavu iliyochomoza kuingia baharini. Watu huenda huko kuogelea na kupunga upepo. Magari yao huegeshwa viwanjani. Viwanja vingine ni vya mchanga, vingine vimetiwa lami.

Leo tuzungumze juu ya hivyo vya lami. Usiseme, "Mimi mtu wa kijijini, mambo hayo yananihusu nini?" Lori linaloleta machungwa kutoka Muheza huegeshwa wapi likifika sokoni? Basi lako husimama wapi? Viwanja vya soko na stendi hutengenezwa kwa fedha za umma, na ushuru unaolipa umo. Uwanja ukivunjwa na kujengwa upya, mlipaji ni wewe.

Wavuvi wanajua jambo moja kuhusu chombo cha mbao. Hakingojwi mpaka kizame. Huvutwa ufukoni kikiwa bado kizima. Fundi hukitia kalafati, yaani huziba nyufa za mbao kwa pamba yenye mafuta. Kisha chombo hupakwa mafuta ya sifa upande wa juu, na deheni upande wa chini unaokaa majini. Kazi hiyo hurudiwa kila baada ya muda. Uwanja wa lami hutunzwa kwa njia hiyo hiyo. Kwanza huzibwa nyufa, halafu hupakwa ngozi nyembamba juu.

Kwa nini upakwe, na lami ni ngumu? Hebu tutazame lami yenyewe. Katika kilo 100 za mchanganyiko wa uwanja, lami ni kilo 5 hivi tu. Kilo 95 ni kokoto na mchanga. Hizo kilo 5 ndizo gundi. Gundi ikifa, kokoto huachana. Na gundi hiyo hutokana na mafuta yanayochimbwa ardhini, nasi huinunua nchi za nje.

Kinachoanza kuiua ni jua na hewa. Lami mpya ni nyeusi na hulegea kidogo ikikanyagwa. Miaka ikipita hukauka, hugeuka rangi ya majivu, hupoteza ulaini. Fikiri chapati. Chapati ya moto hukunjika. Ya jana, iliyoachwa wazi, ukiikunja hukatika. Lami iliyokauka nayo hupasuka. Wengine husema chumvi ya bahari ndiyo inayokula lami. Chumvi hula mabati na nondo, ni kweli, lakini kwa lami jua na maji ndio wabaya zaidi.

Maji hupita katika zile nyufa. Masika, tangu Machi mpaka Mei, hunyesha hasa. Chini ya lami pana msingi wa kokoto na changarawe. Msingi ukilowa hulainika. Gurudumu likipita juu, lami hubonyea, na tope hutoka katika ufa. Kesho ni shimo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa ukuta ni uwanja mzima.

Tena kuna dizeli. Tanga ni bandari ya kushushia mafuta, na malori ya matangi ni mengi. Lori likilala mahali huku linavuja, asubuhi lami pale chini ni laini kama uji. Si ajabu. Fundi rangi hunawa mikono kwa mafuta ya taa, kwa sababu mafuta huyeyusha rangi ya mafuta. Lami ni mtoto wa mafuta, huyeyushwa na ndugu zake. Mafuta yakimwagika, mwaga mchanga au maranda yanyonye, kisha zoa. Na wale wanaomwaga oili chafu uwanjani ili upendeze na kuwa mweusi, waache. Oili chafu hupakwa nguzo kuzuia mchwa. Kwa lami ni sumu.

Sasa dawa yenyewe. Ni lami iliyofanywa chembe ndogo mno, ikachanganywa na maji na kitu kama sabuni ili isigandane. Sehemu 60 hivi katika 100 ni lami, karibu zote zilizobaki ni maji. Haichemshwi kama lami ya barabara. Hutiwa mchanga laini ulio safi, usio na udongo, magari yasije yakateleza. Mafundi hufagia vumbi lote, huziba nyufa na mashimo, husugua madoa ya mafuta, ndipo hupaka kwa brashi pana au kifagio cha mpira. Mara mbili nyembamba hushinda mara moja nzito, kwani nzito hukauka juu tu, kisha hubanduka. Hurudiwa baada ya miaka 3 hadi 5.

Lakini jihadharini. Rangi nyeusi huficha mengi. Kama uwanja una nyufa nyingi zilizoshikana mithili ya ngozi ya mamba, msingi umekwisha kufa. Kuupaka ni kutupa fedha. Hapo ni kuchimba na kutengeneza msingi upya. Ukiwa mjumbe wa kamati, nenda ukatazame kabla kandarasi hajapaka, siyo baada.

Muulize pia ameleta dawa gani. Iko nyingine nyeusi vile vile, lakini hutokana na makaa ya mawe. Hiyo hustahimili dizeli, ila ina sumu zinazoweza kuleta saratani. Mji wa Austin, huko Texas, Marekani, uliipiga marufuku mwaka 2006, na jimbo la Washington likafuata mwaka 2011. Vumbi lake huchukuliwa na mvua mpaka mitoni. Hapa Raskazone mvua hupeleka vumbi baharini, kwa samaki na pweza tunaowala.

Miezi ya Januari na Februari, wakati wa kaskazi, ni mizuri kwa kazi hii, maana jua ni kali na mvua ni haba. Dawa ikinyeshewa kabla ya kukauka, huchuruzika yote mtaroni. Uwanja ufungwe kwa kamba siku moja au mbili. Madereva watanung'unika, wacha wanung'unike. Kabla ya kuwafungulia, bonyeza lami kwa kidole gumba mahali penye kivuli, maana ndipo panapochelewa kukauka. Kidole kikitoka cheusi, kamba ibaki.