Je, Wajua? Tanuri la Mfipa, Uzi wa Pamba na Gesi ya Jua

Je, wajua kwamba mafundi wa Ufipa, kusini-magharibi mwa Tanzania, walipata chuma kwa tanuri refu kuliko mtu, bila kuvukuta hata mara moja? Tanuri hilo ni ilungu. Yakiwa mengi ni malungu. Lilijengwa kwa udongo wa kichuguu likapanda hadi karibu mita 3, pana kitakoni na jembamba kileleni. Kuzunguka kitako yaliachwa matundu, na humo ikapachikwa mirija ya udongo uliochomwa. Ndani walipanga kuni, makaa na mawe ya mtapo, wakawasha moto, wakauacha uwake kwa siku kadhaa.

Hewa iliingiaje? Hewa ya moto ni nyepesi, hivyo hupanda na kutokea juu, na hewa baridi hukimbilia chini kujaza nafasi yake. Kadiri tanuri linavyokuwa refu, ndivyo linavyovuta kwa nguvu. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza anaweza kulishuhudia jambo hili mezani. Washa chemli bila chupa yake, uone mwali unavyoyumba na kutoa moshi. Rudishia chupa: mwali unanyooka, unang'aa, na moshi unapungua. Ilungu lilifanya kazi kwa kanuni hiyo hiyo.

Ndani ya moto ule kulikuwa na kemia nzito. Makaa yanapoungua kwa hewa haba hutoa kaboni monoksaidi, na gesi hiyo huunyang'anya mtapo oksijeni yake. Chuma safi huyeyuka kwenye nyuzi 1,538 za Selsiasi. Ilungu halikufika huko, wala halikuhitaji kufika. Kwa joto la nyuzi 1,200 hivi, mavi ya chuma, yaani takataka za mtapo, huyeyuka na kutiririka, na kinachobaki ni bonge la chuma lenye vitundu. Bonge hilo lilihamishiwa kwenye tanuri dogo, kintengwe, na hapo ndipo mivukuto ilipoingia kazini. Baada ya hapo mhunzi alifua jembe au shoka.

Sasa tufike kwenye sehemu ambayo vitabu vya kemia huiruka. Tanuri jipya lilipambwa na kuhesabiwa kama bibi harusi. Kazi ilikwenda kwa nyimbo, kwa miiko, na kwa kikapu cha dawa alichokilinda fundi mkuu. Mwanaakiolojia Bertram Mapunda wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichunguza mabaki ya ufuaji chuma huko Nkansi, na Randi Barndon wa Norwei ameandika kwa kirefu juu ya mila zilizoambatana na tanuri la Kifipa. Wapo wanaotaka kuigawa kazi hiyo mafungu mawili, huku sayansi na kule mila. Mimi sikubali. Fundi asiyekuwa na kitabu alihitaji njia ya kukumbuka nini kinatangulia na nini kinafuata, na sioni njia bora kuliko wimbo na sherehe ambayo kijiji kizima kinaijua.

Ndiyo maana huniuma kusikia kijana wa Sumbawanga anayechora vizuri akiambiwa achague: ama sanaa, ama mchepuo wa PCM (fizikia, kemia na hisabati). Babu zake hawakuwekewa chaguo hilo. Aliyefinyanga ilungu likasimama bila ufa alikuwa mfinyanzi na mhandisi kwa wakati mmoja.

Je, wajua kwamba kufuma nguo na kuandika programu ya kompyuta ni ndugu? Wafipa walifuma nguo nzito za pamba, na wasafiri wa karne ya 19 waliopita kwenye uwanda wa Ufipa waliandika habari zake. Mfumi hutandika nyuzi za mtande, kisha hupitisha mshindio. Katika kila makutano uzi una njia mbili tu, juu au chini. Mwanzoni mwa karne ya 19, Joseph-Marie Jacquard wa Lyon, Ufaransa, alitumia kadi zenye matundu kuuamrisha mtambo wa kufumia: palipo na tundu uzi unainuliwa, pasipo na tundu unabaki. Charles Babbage wa Uingereza akaazima kadi hizo alipobuni mashine yake ya kukokotoa. Juu au chini, moja au sifuri.

Mwalimu wa hisabati hahitaji chumba cha kompyuta ili kuanza somo hili. Ampe mwanafunzi karatasi ya miraba na miyaa, amwambie achore pambo la mkeka: mraba mweusi ni 1, mweupe ni 0. Kisha mwenzake asiyeliona pambo asomewe namba tupu, mstari kwa mstari, na asuke. Pambo likitoka sawa, msimbo umefanya kazi. Likiharibika, watautafuta mstari wenye kosa, na hiyo ndiyo kazi inayochukua sehemu kubwa ya siku ya mwandishi wa programu.

Maporomoko ya Kalambo, mpakani mwetu na Zambia, huanguka zaidi ya mita 200. Wengi wanalijua hilo. Je, wajua kwamba karibu na hapo, upande wa Zambia, yalipatikana magogo mawili yaliyochongwa yakashikana, yenye umri wa takriban miaka 476,000? Habari zake zilitangazwa mwaka 2023 na kikundi kilichoongozwa na Larry Barham wa Chuo Kikuu cha Liverpool. Useremala huo ni wa zamani kuliko binadamu wa aina yetu.

Je, wajua kwamba bonde la ufa la Rukwa lilikuwa na jamaa wa mamba mwenye meno yanayofanana na ya mnyama anyonyeshaye? Anaitwa Pakasuchus kapilimai, na alitangazwa mwaka 2010. Jina lake la pili linamuenzi marehemu Saidi Kapilima wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Aliishi zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita, na kichwa chake kingetosha kiganjani. Kisukuku kilikutwa kimefumba mdomo, hivyo watafiti wakayatazama meno kwa mashine ya CT, ile ile inayopiga picha wagonjwa hospitalini. Kisha akahitajika mchoraji. Mifupa haina ngozi wala macho. Anayeirudishia mwili kwenye karatasi lazima ajue msuli unashika wapi na goti linakunjikaje. Hiyo ni ajira, nayo hufanyika makumbushoni, vyuoni na katika vitabu vya tiba.

Na heliamu je? Mwaka 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham, pamoja na kampuni ya Helium One, walitangaza kuwa bonde la Rukwa lina gesi hiyo kwa wingi. Wanasayansi waliigundua kwanza kwenye mwanga wa jua, mwaka 1868, ndipo ikapatikana duniani mwaka 1895. Huzaliwa polepole ndani ya miamba ya kale, urani na thori zinapochakaa, na joto la volkano husaidia kuifungua. Ikiwa kimiminika, huwa baridi kiasi cha kupoza sumaku za mashine za MRI. Mwanamuziki naye ana lake hapa: sauti husafiri ndani ya heliamu karibu mara tatu ya kasi yake hewani, kwa hiyo filimbi iliyojazwa gesi hiyo hulia juu zaidi. (Kuivuta puani au mdomoni ni hatari, kwa sababu hukunyima oksijeni.) Gesi hii itahitaji wajiolojia, wachimbaji, wahandisi na wachora ramani, na ningependa wengi wao wawe vijana waliokulia juu ya milima ya Lyamba lya Mfipa.

Njia ya kuanzia ipo. Shirika la Young Scientists Tanzania, lililoanzishwa na Gozibert Kamugisha na Joseph Clowry mwaka 2011, huwaita wanafunzi wa sekondari kuonyesha tafiti zao. Mbele ya majaji wake, bango lililochorwa vizuri na maelezo yanayosikika vina uzito wake pamoja na vipimo vyenyewe. Kikundi cha wanafunzi wanne kutoka Rukwa kingeweza kupeleka ilungu: mmoja afinyange vielelezo vya udongo wa kichuguu vyenye urefu tofauti na kupima joto lake, wa pili achore mkato wa tanuri kwa skeli, wa tatu aandike kemia yake kwa Kiswahili chepesi na kwa Kiingereza cha mtihani, wa nne akusanye nyimbo kwa wazee. Huyo wa nne aanze mapema, likizo ya Juni, akiwa na simu ya kurekodi, maana wazee waliosimuliwa na baba zao habari za malungu wanazidi kupungua.