Je, Wajua? Sufuria ya alumini haipati moto kwenye jiko la induksheni

Jiko la induksheni halina moto wala waya unaowaka. Koili iliyo chini ya kioo hutengeneza uga wa sumaku, na kitako cha sufuria chenyewe ndicho hupata joto. Nishati inayoingia kwenye chakula hufika asilimia 80 hivi. Kwa gesi ni chini ya nusu.

Tatizo ni kwamba sufuria nyingi za kwetu ni za alumini. Bandika sumaku kitakoni: isiponata, jiko hilo halitaitambua. Kununua sufuria mpya ni gharama ambayo wauzaji wengi hawaitaji. Na umeme ukikatika maharage yakiwa nusu, mwenye gesi anaendelea kupika.

Hata hivyo wilaya ya Rusizi, Rwanda, ina sababu ya kulifikiria jiko hili. Mto Ruzizi unapotoka Ziwa Kivu huzungusha mitambo ya umeme ya Ruzizi I, na ya Ruzizi II inayomilikiwa kwa pamoja na Rwanda, Burundi na Kongo. Gesi ya mtungi, kinyume chake, huletwa na malori kutoka nje ya nchi. Methani iliyo ndani ya Ziwa Kivu haijazwi kwenye mitungi hiyo: huko Karongi huchomwa kuzalisha umeme.