Walituachia neno "shule", wakaondoka na lugha yao

Nilipokuwa mtoto Komanda, pale barabara ya kutoka Bunia inapogawanyika, moja kwenda Beni na nyingine Mambasa, hatukusema "naenda shule". Tulisema "naenda ku masomo". Neno "shule" nililikuta vitabuni, nikaamini ni Kiswahili cha tangu na tangu. Hapa kitivoni ndipo nilipojifunza kwamba limetokana na neno la Kijerumani, Schule, wakati Wajerumani walipotawala upande wa bara wa Tanzania ya leo. Zanzibar, walikotawala Waingereza, watu husema "skuli". Lugha ni moja, jengo ni lile lile, lakini kila neno linaeleza nani alipita wapi.

La ajabu ni kwamba Wajerumani waliacha neno bila kuacha lugha. Shule ya serikali ya Tanga, iliyoanza mwanzoni mwa miaka ya 1890, ilifundisha kwa Kiswahili, kwa sababu utawala ulihitaji makarani, walimu na maakida watakaoelewana na raia. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza utawala huo ukaisha. Yakabaki maneno machache, kama "shule" na "hela", ambalo lilitokana na Heller, jina la sarafu yao ndogo.

Anayetaka kuona Kijerumani kikiishi Afrika Mashariki leo, kama lugha ya darasani tangu chekechea hadi mtihani wa mwisho, aende Nairobi. Huko kuna Deutsche Schule Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1969, si mbali na ofisi za Umoja wa Mataifa za Gigiri. Imepewa jina la Michael Grzimek, aliyekuwa akihesabu wanyama wa Serengeti pamoja na baba yake, akafa katika ajali ya ndege Januari 1959. Alikuwa na miaka 24, umri nilio nao mimi sasa.

Shule ya namna hii inafanyaje kazi? Inasimama juu ya mafiga matatu. La kwanza ni cheti. Mwanafunzi humaliza kwa mtihani uitwao Abitur, unaotambuliwa na serikali ya Ujerumani, kwa hiyo mtoto anayehama Nairobi kwenda Berlin hapotezi mwaka. La pili ni walimu. Ujerumani ina ofisi maalumu ya shule za ng'ambo, iliyoundwa mwaka 1968, ambayo husaidia shule zaidi ya 130 duniani kwa fedha na kwa kuwatuma walimu. La tatu ni wazazi. Kwa kawaida shule hizi ni mali ya chama kisichotafuta faida. Wazazi hulipa karo na huwa na sauti katika uendeshaji.

Wanaosoma humo si Wajerumani peke yao. Wapo watoto ambao Kijerumani ni lugha ya nyumbani, wapo wa ndoa za mchanganyiko, wapo wanaokikuta darasani kwa mara ya kwanza. Ndiyo maana ualimu wa Kijerumani hutofautisha kukifundisha kama lugha ya mama na kukifundisha kama lugha ya kigeni: vitabu ni tofauti, na mwalimu huandaliwa kwa njia tofauti.

Kwa sisi wanafunzi wa isimujamii, hapa pana somo. Nje ya geti la shule hiyo mji mzima unazungumza Kiswahili, Kiingereza na Sheng. Wenye Kijerumani ni wachache mno, tena wengi hukaa miaka michache wakaondoka. Kwa hesabu ya wasemaji, lugha yao ingepaswa kufifia kwa watoto. Haifi, kwa sababu ina mtihani, ina mwalimu aliyeandaliwa, ina mzazi anayesikilizwa. Wingi wa wasemaji peke yake hauilindi lugha.

Sasa turudi Komanda. Nyumbani watu husema Kibira, Kilese, Kinande, Kihema, Kilendu na nyingine. Sokoni wote hukutana katika Kiswahili. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili kuwa moja ya lugha nne za taifa, na sheria ya elimu ya mwaka 2014 inazipa lugha za taifa nafasi ya kufundishia shule ya msingi. Lakini mtihani wa kumaliza shule ya msingi uko katika Kifaransa, na mtihani ndio unaovuta kila kitu. Mwalimu hufundisha kile kitakachoulizwa.

Mdogo wangu alirudia darasa la tano. Aliporudi nyumbani na sifuri ya hesabu za sehemu, nilimuuliza kwa Kiswahili chetu: shamba la mama likigawanywa kwa watoto wanne, mmoja akampa mwenzake nusu ya fungu lake, huyo wa pili atakuwa na kiasi gani? Alinijibu kabla sijamaliza kuchora: "Tatu ku munane." Hesabu alizijua. Swali la kwenye karatasi ndilo hakulielewa.

Sisemi tuige shule ya Nairobi yote. Ni shule ya karo, na nyuma yake iko serikali tajiri. Komanda kuna wazazi wanaotafuta hata pesa ya daftari. Wala sisemi tukitupe Kifaransa. Mdogo wangu atakihitaji. Lakini mafiga yale hayakuwekwa kwa fedha tu, yaliwekwa pia kwa uamuzi. Kuuliza swali la hesabu katika lugha ambayo mtoto amejifunzia kufikiri ni uamuzi. Kumwandaa mwalimu afundishe Kifaransa kama lugha ya kigeni, maana kwa mtoto wa Komanda ndivyo kilivyo, ni uamuzi pia.

Mdogo wangu sasa yuko darasa la sita. Kila Jumamosi ananipigia simu, ananisomea swali moja la Kifaransa, na kabla hatujahesabu chochote tunalitafsiri.