Kompyuta Haioni Haya Kurudi Nyuma

Chukueni kipande cha chaki, kama hizi zinazotengenezwa hapa kwetu Maswa, mchore visanduku sita kwa mstari mmoja. Ndani yake pangeni 1 mbili, 2 mbili na 3 mbili. Masharti ni haya: kati ya zile 1 mbili iwepo tarakimu moja tu, kati ya 2 ziwepo tarakimu mbili, na kati ya 3 ziwepo tatu.

Fumbo hili lilichapishwa mwaka 1958 na mwanahisabati wa Scotland, Dudley Langford, aliyelipata kwa kumtazama mwanawe akichezea vibao vya rangi. Leo ni zoezi la wanaojifunza kuandika programu za kompyuta. Kijana mmoja wa hapa Nyalikungu aliniuliza: je, kompyuta inabahatisha? La. Hujaribu kwa utaratibu, na ikikwama hurudi nyuma.

Tuifuate. Inaweka 1 katika kisanduku cha kwanza na cha tatu. Halafu 2 katika cha pili na cha tano. Vimebaki cha nne na cha sita, navyo vimetenganishwa na kisanduku kimoja tu. 3 haziingii. Mtu mwenye hasira angefuta ubao mzima. Kompyuta hufuta hatua ya mwisho peke yake: inaondoa zile 2 na kuzitafutia mahali pengine. Hapapo. Basi inarudi hatua moja zaidi, inazihamisha 1 hadi kisanduku cha pili na cha nne. Sasa 2 zinaingia cha tatu na cha sita, na 3 cha kwanza na cha tano. Jibu ni 3 1 2 1 3 2.

Wahenga walisema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Lakini anayerudi ovyo hupotea. Kompyuta hurudi kwa utaratibu, na njia iliyokwisha kuijaribu haiipiti mara ya pili.

Lipo na la pili. Jaribuni fumbo hilohilo kwa tarakimu 1 hadi 5, yaani visanduku kumi. Kompyuta itapita njia zote na kutoa jibu: haiwezekani. Hiyo si kushindwa, ni jibu kamili.

Nayasema haya kwa sababu ratiba ya shule ni fumbo la aina hiyo. Mwalimu mmoja wa fizikia hawezi kufundisha mikondo miwili saa moja, na maabara ikiwa moja haiwezi kupokea madarasa mawili. Mwalimu wa taaluma hupanga kwa penseli na kifutio, na akikwama siku ya Alhamisi huenda tatizo alilianza Jumatatu. Arudi huko bila haya. Asipofanya hivyo, wanafunzi ndio watakaokaa darasani bila mwalimu.

Na kama njia zote zimejaribiwa na ratiba haipatikani, asilaumiwe mpangaji. Fumbo limekwisha kusema kwamba walimu hawatoshi. Hapo hakuna ujanja wa kalamu wala wa kompyuta. Ni kuongeza mwalimu, au kupunguza masharti.